Kocha na Bastola Iliyofungwa Kombo

Kocha alitufundisha sisi sote kuifunga bastola sawasawa baada ya kuisafisha, na sidhani kama Dodoma hii palikuwa na mtu mkali kuliko yeye katika jambo hilo. Ya kwake mwenyewe, ile kuukuu ya mashindano yenye mtutu mrefu na kitako cha mbao, aliifunga kombo kwa makusudi, mwaka nenda mwaka rudi, ili mumewe asiweze kujiua nayo. Naanza na hilo kwa sababu wanaomkumbuka humkumbuka kwa ukali wake tu. Wanacheka, wanasimuliana alivyowafokea, wanaendelea na chai yao. Mimi hucheka nao kidogo, halafu naishiwa na kicheko.

Nilimjua nikiwa mtu mzima tayari, mwenye duka na kitambi. Sisi ni watu wa mjini. Wazee wetu walipita hapa na misafara ya biashara, wakaona panatosha, wakashusha mizigo. Mimi nauza vipuri vya cherehani na baiskeli. Daktari aliniambia nitafute mchezo, nami nikatafuta mchezo ambao mtu anasimama mahali pamoja, nikaupata: kulenga shabaha. Klabu ilikuwa ndogo, wengi wetu tukiwa watumishi waliohamishiwa Dodoma na ofisi zao, wasiojua la kufanya na Jumamosi. Kocha alitupitia mstari mzima siku ile ya kwanza, mikono nyuma, akasema kwamba aliomba aletewe wapigaji, kumbe ameletewa mbao za kupigwa.

Alikuwa mfupi, khanga juu ya suruali ya michezo, miwani yake imefungwa kwa lastiki kisogoni. Alikuwa amefundisha timu ya shabaha ya watumishi wenye sare kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na kutembea kwake kulikuwa bado kwa sare. Usiposalimia hukupewa silaha. Si yeye tu wa kusalimiwa. Ulitakiwa kumsalimia kila uliyemkuta uwanjani, mlinzi, mama wa chai, kila mtu, na umsubiri ajibu. Alisema asiyesalimia ana haraka, na mwenye haraka hamwachii hata kisu cha kumenyea viazi. Mimi aliniita Wa Dukani, na jina langu halisi nadhani hakuwahi kulishika.

Sasa kuhusu kufunga. Bastola zile za zamani zina kituko chao, nami nitakieleza mara moja tu. Nyuma ya nyundo kuna kijiti cha chuma kinachoning'inia. Unapozirudisha sehemu zote mahali pake, kijiti hicho kinatakiwa kiangukie kwenye kikombe kidogo kinachokaa juu ya springi. Kikikaa pembeni, bastola itafungika vizuri kabisa, itang'aa, utaishika na kuilenga, lakini nyundo haitajikoki, yaani haitakaa nyuma tayari kupiga, na risasi haitatoka. Kwa macho huwezi kujua. Ili kijiti kiingie, unaelekeza mdomo juu, unaiinamisha kidogo, unasubiri. Watu hawawezi kusubiri, huo ndio ugonjwa wetu. Mimi kwa mazoea ya dukani nilitoa koleo mfukoni nikataka kukisaidia kijiti, na Kocha akanipiga kibao cha mkono mbele ya watu, mimi baba wa watoto.

"Usikisukume," alisema. "Kiache kianguke chenyewe. Ukisikia, utajua."

Nilikaa asubuhi ile yote nikiinamisha na kuinua, wenzangu wameshapiga, wamekunywa chai, wameanza kunong'onezana kwamba mzee kapatikana. Nilipokisikia hatimaye, kasauti kadogo tu ka chuma kwenye chuma, Kocha alikuwa mbali anazungumza na mlinzi. Hakugeuka. Alinyanyua kidole gumba kunionyesha kwamba naye amesikia. Masikio yake yalikuwa hivyo, na baadaye nilijua yalipata wapi mazoezi.

Alikuwa na vituko vyake. Mwanamke aliyeweza kutoboa duara dogo akiwa amesimama mbali nalo hakuweza kuchinja kuku. Alimwita jirani, akaingia ndani na kufunga mlango mpaka shughuli iishe. Radi ikipiga alijifunika khanga kichwani. Kwenye karata aliiba waziwazi, ukimkamata anakuuliza kama umekuja kucheza au kukagua. Lakini ukimwambia kwamba bastola yako umeifunga, hujaijaribu, ila unadhani iko sawa, basi hilo neno "unadhani" lilikutia matatani. Alikufungulia yote upya na kukumwagia vipande kwenye taulo. Alisema bastola haina kudhani.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mrefu, msafi, mwenye mwandiko mzuri na maneno machache. Waliishi Mkonze, kwenye nyumba yenye mizabibu uani, naye ndiye aliyeipanda na kuipogoa. Kisha mwaka mmoja hakuipogoa. Matawi yakatambaa ovyo mpaka dirishani, naye akakaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza ukutani. Majirani walisema ya majirani: karogwa, kapigwa na kitu, pensheni imemvuruga. Kocha alimpeleka hospitali, akampa dawa kwa saa zake, akamsimamia mpaka ameze. Kuna miezi alipata nafuu, akatia maji mizabibu, akamsalimia mtu kwa jina. Kuna miezi akarudi ukutani.

Nilikwenda kwao siku moja mchana kupeleka springi aliyoniagiza, kwa maana baadhi ya springi za cherehani nilimkatia zikafaa kwenye vifaa vya klabu. Bastola yake ilikuwa mezani sebuleni, ametoka kuisafisha. Nikaomba niishike. Niliipima mkononi, nikaivuta nyuma kama alivyotufundisha, bila risasi, mdomo umeelekea chini mahali salama. Nyundo haikukaa. Nikavuta tena. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilimkamata mwalimu na kosa la mwanafunzi.

"Kocha, kijiti hakijakaa."

"Najua."

"Nikirekebishe?"

Alinishika bega akanigeuza kuelekea dirishani. Uani mumewe alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, viatu vimepigwa rangi safi.

"Unamwona yule?" alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Siku kijiti kikikaa, mimi ni mjane."

Akanieleza, akikunjakunja kitambaa cha kusafishia. Bastola ilikaa kwenye kabati la chuma chumbani, na mumewe alijua ufunguo unapokaa. Nyumba ni yake, angefichwa nini. Risasi zilihifadhiwa klabu, lakini mtu wa mchezo ule hakosi kusahau moja kwenye mfuko wa koti. Siku moja Kocha alifungua kabati akakuta kitambaa cha kuvingirishia bastola kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Yeye Kocha hakujua kukunja kitu. Alikuwa akivingirisha tu na kutia ndani. Tangu siku ile akaanza kuifunga kombo. Na baada ya hapo, zaidi ya mara moja, alikuta tena kitambaa kimekunjwa pembe kwa pembe, na mumewe yuko uani, mzima, hajasema neno.

Nilimwuliza swali ambalo na wewe unaniuliza sasa. Kwa nini asiiondoe nyumbani? Aikabidhi, aiuze, aipeleke klabu ikae huko?

Alisema akiiondoa, mumewe atatafuta kingine, na hicho kingine yeye hatakijua. "Hii naijua," alisema.

Mimi niliona anakosea, na hata leo naona alikosea. Kitu kama kile hakikai nyumba moja na mtu mgonjwa, kombo au si kombo. Nilimwambia hivyo, kwa adabu lakini nilimwambia. Akanitazama, akasema nimeongea vizuri, kisha akaniuliza springi ile ni shilingi ngapi. Ndivyo alivyofunga mazungumzo.

Kulikuwa na siku moja kila mwaka ambayo hakuweza kukwepa, siku ya kupeleka silaha polisi ikaguliwe ili leseni iendelee. Hapo ilibidi bastola iwe sawa, kwa sababu mkaguzi anaivuta, na jina la Kocha lilijulikana kituoni; vijana kadhaa pale walipita mikononi mwake. Basi siku hiyo alimvalisha mumewe suti, akamwambia wanakwenda mjini pamoja. Aliifunga sawasawa asubuhi, akaitia kwenye mkoba, mkoba akaubana kwapani, na mume akamshika mkono. Nimewaona kwa macho yangu wamekaa kwenye benchi la kituo, yeye na mkoba upande huu, mumewe upande ule, mtu angedhani wamekuja kudhamini mtoto. Wakirudi nyumbani alianza na bastola kabla ya kuvua viatu. Vijana wa kituoni walimsifia kila mwaka jinsi silaha yake ilivyotunzwa. Alizipokea sifa hizo akiwa ameinamisha kichwa.

Kilichomuua mkaguzi wa shule hatimaye ni sukari, hospitalini, kwenye shuka safi. Tulizika, tukakaa matanga, watu wakala na kuondoka. Wiki iliyofuata nilimkuta Kocha peke yake, mizabibu imeingia mpaka sebuleni kupitia nondo za dirisha, akaniambia maneno ya mwisho ya mumewe. Alikuwa amemwita karibu, amemshika kiganja, akasema: "Ile bastola yako mbovu. Usimpe mtu."

"Basi, ni hayo tu," Kocha alisema. "Alijua au hakujua? Alikuwa ananishukuru? Alikuwa ananilaumu kwamba nilimfungia mlango miaka yote ile? Au aliona ni bastola mbovu tu, akaogopa nisimwuzie mtu kitu kibovu? Maana alikuwa mwaminifu sana."

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia, si msibani. Msibani alikuwa imara. Lakini lile swali liliingia ndani ya nyumba likakaa. Alianza kusikia kabati la chuma likilia. Ananyamazisha redio katikati ya taarifa ya habari, ananyanyua kidole tusikilize, na tunasikiliza, na hakuna kitu ila upepo na majani ya mizabibu. Nilimshauri ahamie kwa binti yake kule Miyuji, chumba kipo, wajukuu wapo. Akasema hawezi kumwacha mtu peke yake. Nikauliza mtu gani. Akabadilisha mazungumzo.

Na bastola aliendelea kuifunga kombo. Hilo lilinitisha kuliko redio. Nilimwuliza anamfungia nani sasa, mgonjwa ameshakwenda. Akasema mazoea. Halafu akaniambia, bila kunitazama, kwamba kitambaa bado anakikuta kimekunjwa.

"Pembe kwa pembe?"

"Pembe kwa pembe."

Nywele zilinisimama, sifichi. Nilirudi dukani nikafungua na kufunga droo za vipuri bila kujua natafuta nini. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mle ndani mlikuwa na mikono miwili tu, ya Kocha mwenyewe, na marehemu hafungui makabati. Nilipoelewa, niliogopa zaidi kuliko nilipodhani ni mzimu. Nilimpigia binti yake, akaanza kuja mara kwa mara na kumsihi wakaonane na daktari. Kocha alimkaribisha, akamlisha, akamrudisha kwake na mafungu ya zabibu.

Mwaka uliofuata macho yake yalianza kuingia ukungu na vidole vikakakamaa. Aliacha kuja klabu. Akaanza kugawa vitu: vikombe vyake vya ushindi akaniletea mimi dukani kwenye gunia, bila maelezo, cherehani akampa jirani, kuku wakauzwa. Mtu akifanya hivyo akiwa anahama, unamsaidia kubeba. Yeye hakuwa anahama.

Kisha akanipigia simu, mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umewafungia watu ndani. Alisema ameamua kuikabidhi bastola serikalini kwa hiari, uzee umefika, lakini ameifungua kuisafisha na vidole haviwezi kuirudisha. Angependa ikabidhiwe ikiwa sawa, kwa heshima yake. Nije nimfungie. Nilimwuliza anaikabidhi lini. Akasema karibuni.

Nilikwenda na kirikuu changu cha kubebea mizigo. Vipande vilikuwa vimetandazwa juu ya taulo mezani, kila kimoja kimefutwa. Nyumba ilikuwa imefagiwa. Alikuwa amevaa khanga mpya na ameketi kwenye kile kiti cha plastiki ambacho zamani kilikaa uani.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Wa Dukani. Funga."

Nilitafuta kitambaa cha kushikia, nikakiona kwenye kabati la vyombo, na nilipokivuta nikaona pembeni yake kisahani cha kioo. Ndani yake mlikuwa na risasi moja ndogo, imefutwa vumbi. Nilisimama pale nimempa mgongo. Sikujua kama macho yake yaliniona. Niliichukua nikaitia mfuko wa shati, nikarudi mezani, nikaanza kufunga.

Nilirudisha mtutu, nikarudisha sehemu ya nyuma. Nilifika pale pa kuelekeza mdomo juu na kusubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Nami nilijua kwamba nikisubiri, kitaanguka, nitampa alichoniitia. Alikuwa mwalimu wangu. Kila nilichojua juu ya subira nilikipata kwake, na hakuwahi kuniomba kitu hata siku moja. Niliiinamisha upande usio wake, nikakiweka kijiti pembeni, nikafunga.

Alinyoosha mkono. Nikampa. Aliivuta nyuma kwa tabu kwa vidole vile vilivyokakamaa, akaiachia, akaweka gumba juu ya nyundo. Nilisikia upepo ukisukuma bati.

"Fungua uanze tena," alisema.

"Hapana, Kocha. Twende nayo hivi hivi. Leo. Gari liko nje."

"Kituoni wananijua mimi."

"Najua."

"Watasema uzee umeniingia kichwani. Nitakabidhi silaha iliyofungwa ovyo, kwa jina langu?"

Nilimwambia ndiyo. Nilitoa ile risasi mfukoni nikaiweka juu ya taulo, mbele yake, nikaiacha hapo tuione wote wawili. Alikaa akiitazama, au akiutazama ukungu wake ulipoishia. Mwishowe aliniambia nimletee viatu.

Kituoni alitupokea kijana ambaye zamani alikuwa kwenye timu yake. Alisimama kumsalimia shikamoo, akaishika bastola kwa mikono miwili, akaivuta. Akaivuta tena. Niliuona uso wake ukibadilika kutoka heshima kwenda huruma, na nilitamani ardhi inimeze. Alisema taratibu, asisikiwe na wenzake, "Kocha, hii haijakaa vizuri. Haifanyi kazi." Akaanza kuieleza habari ya kijiti, pole pole, kama anavyoelezwa mtu mzee. Alimweleza yote, mdomo juu, uinamishe kidogo, usikisukume. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akasema macho siku hizi hayaoni, akatia dole gumba pale alipoonyeshwa. Risasi niliikabidhi mimi. Kijana hakuuliza ilitoka wapi.

Tulitoka nje. Upepo ulikuwa umejaa vumbi jekundu na khanga yake ilipeperuka, nikamshikia. Alipanda kirikuu bila kusaidiwa, akakaa akitazama mbele, na sikuthubutu kuwasha gari.

"Umeniaibisha," alisema.

"Ndiyo, Kocha."

"Yule mzee mimi nilimfanyia hivi hivi miaka yote, na hakuwahi kunitamkia neno. Angenitukana ningelala. Hakunishukuru, hakunilaumu, akaniachia swali nikae nalo mpaka leo. Mimi sitakufanyia hivyo. Sikia vizuri. Nakulaumu."

Nilimwambia nimesikia, naipokea. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Asante siwezi kukupa. Sina."

"Usinipe."

Alijifunga mkanda, akahangaika nao mpaka ukaingia, akausukuma mkono wangu nilipotaka kumsaidia. Aliniambia nisimpeleke Mkonze, nimpeleke Miyuji kwa binti yake, na njiani nipite niwanunulie wajukuu mkate. Tulikuwa tumeshaingia barabara kubwa aliponigeukia na ile miwani yake ya lastiki.

"Leo nimechoka," alisema. "Kesho uje nikulaumu vizuri."

Nilikwenda.